Billie Holiday: Wimbo, Heroini na Kibali cha Polisi

Tangu filamu ya The United States vs. Billie Holiday, iliyoongozwa na Lee Daniels, ilipotoka Februari 2021, watazamaji wake wamekuwa wakibishana juu ya swali moja: je, serikali ya Marekani ilimwandama Holiday, mwimbaji mweusi wa jazi, kwa ajili ya wimbo wake au kwa ajili ya heroini? Filamu yenyewe inajibu bila kusita. Inamwonyesha Harry Anslinger, aliyeongoza Ofisi ya Shirikisho ya Mihadarati tangu mwaka 1930 hadi 1962, akiwa mtu aliyekusudia kuuzima wimbo wa Strange Fruit, huku heroini ikiwa kisingizio tu. Baadhi ya wanahistoria wa jazi wamelipinga jibu hilo wakisema halina ushahidi wa kutosha katika kumbukumbu za wakati ule.

Wimbo wenyewe ulitungwa na Abel Meeropol, mwalimu Myahudi wa Bronx, na unasimulia miili ya watu weusi walionyongwa na makundi ya wazungu katika majimbo ya Kusini, ikining'inia mitini kama matunda. Mwaka 1939 kampuni ya Columbia ilikataa kuurekodi, Holiday akaupeleka kwa kampuni ndogo ya Commodore. Katika ukumbi wa Café Society jijini New York aliufanya kuwa wimbo wa mwisho wa usiku: wahudumu wakisimamisha kazi, taa zikizimwa isipokuwa ile iliyomulika uso wake. Aliyeuimba hivyo hakuwa akiburudisha watu, na ni rahisi kuamini kwamba wenye madaraka walichukizwa.

Hata hivyo, wanaoipinga filamu wana hoja nzito. Holiday aliuimba wimbo huo kwa miaka 20, na Februari 1959, miezi michache kabla ya kufa, aliuimba mbele ya kamera za televisheni jijini London. Tena Anslinger hakumwinda yeye peke yake. Aliwachukia wanamuziki wa jazi kwa jumla na alitamani kuwakamata kwa mkupuo nchi nzima. Charlie Parker na Thelonious Monk walinyang'anywa haki ya kupiga muziki katika kumbi za New York, ilhali hawakujulikana kwa wimbo wowote wa namna hiyo. Kwa mtazamo huu, kumfanya Holiday kuwa shahidi aliyeteswa kwa ajili ya wimbo mmoja ni kuwasahau wengine waliopondwa na mashine ileile.

Upande wa pili unajibu kwamba majalada ya serikali yaliandikwa na wawindaji, na mwindaji halazimiki kuandika sababu yake ya kweli. Sheria ya mihadarati ilimpa Anslinger uwezo wa kuchagua nani aandamwe, na chuki huweza kujificha vizuri kabisa ndani ya uchaguzi huo. Mwanamke mweusi maarufu, asiyeinamisha kichwa, anayewaimbia wazungu habari za mauaji yao, alikuwa windo lenye faida. Naikubali hoja hii kwa sehemu. Inaeleza kwa nini dhana ya filamu inawezekana, lakini jambo linalowezekana halijawa bado jambo lililotokea.

Nionavyo mimi, mabishano haya yameiacha pembeni adhabu iliyomuumiza kuliko zote. Mwaka 1947 Holiday alihukumiwa kwa kosa la mihadarati kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, akapelekwa katika gereza la Alderson, West Virginia. Alipotoka Machi 1948 aliimba Carnegie Hall siku chache baadaye, na tiketi ziliisha. Lakini siku zile, msanii aliyetaka kutumbuiza New York katika ukumbi unaouza pombe alipaswa kuwa na kibali cha polisi, na yeye alinyimwa kibali hicho kwa kuwa alikuwa amefungwa. Kwa hiyo aliweza kujaza jumba kubwa la matamasha, lakini hakuruhusiwa kuimba katika vilabu vidogo ambamo jazi iliishi na ambamo mwimbaji alipata riziki ya kila wiki. Hali hiyo ilidumu mpaka kifo chake. Hakuna hakimu aliyemhukumu miaka 12 ya kufungiwa milango. Ilitosha karani kukataa kugonga muhuri. Hapa hatuhitaji kubahatisha nia ya Anslinger, kwa sababu mateso yenyewe yameandikwa.

Ndiyo maana kosa linalonisikitisha zaidi katika filamu si dai la wimbo, bali mapenzi kati ya Holiday na Jimmy Fletcher, mpelelezi mweusi aliyetumwa kumchunguza. Ni kweli kwamba Fletcher alimzoea na baadaye alijutia kazi ile, lakini hakuna uthibitisho kwamba walikuwa wapenzi. Watetezi husema tamthilia si kitabu cha historia, nami nakubaliana nao, kwa kuwa hata mazungumzo ya chumbani hayana budi kubuniwa. Lakini ubunifu huu unaupa mkono wa serikali uso wa mpenzi mwenye majuto, na mtazamaji anaanza kumhurumia mpelelezi pale alipopaswa kumtazama mwanamke aliyechunguzwa.

Andra Day, aliyemwigiza Holiday na kushinda tuzo ya Golden Globe kwa uigizaji huo, anastahili kila sifa aliyopewa, kwani katika sauti yake iliyokwaruza tunasikia kazi ambayo hakuna kibali kilichoweza kuifuta. Ningetamani mwongozaji angeiamini sauti hiyo na kumbukumbu zilizopo. Mwaka 1959 Holiday alilazwa katika Hospitali ya Metropolitan, New York, ini na moyo vikiwa vimechoka. Alikamatwa akiwa kitandani, polisi wakawekwa mlangoni, na tarehe 17 Julai akafariki akiwa na umri wa miaka 44. Mlango ule ulihitaji kuonyeshwa kama ulivyokuwa, bila mpelelezi mpenzi kuketi pembeni.