Maktaba ya kusikilizia muziki: ibaki au ifungwe?

Bajeti ya chuo kikuu ikibanwa, kuna chumba ambacho hakikosi kutajwa: maktaba ya kusikilizia muziki. Rafu zimejaa santuri na kanda, kila meza ina hedifoni, na mchana kutwa huenda ukawakuta humo wanafunzi watatu. Wanaotaka kifungwe wana hoja, wala si haki kuwaita maadui wa sanaa.

Kwanza, mwanafunzi ana mamilioni ya nyimbo kwenye simu yake. Santuri ni nzito, hupinda zikipata joto, na hukwaruzika kila mkono mzembe unapoteremsha sindano. Mashine nazo zina masharti. Sindano ya santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika ni pana karibu mara tatu kuliko ya zile za mizunguko 33 na theluthi, zilizoletwa na Columbia mwaka 1948. Ukikosea sindano, unaichimba santuri huku unaisikiliza. Fundi anayeyajua hayo anataka mshahara, na wanafunzi wengine wanatafuta pa kukaa na kompyuta zao.

Watetezi wa chumba mara nyingi hujitetea vibaya. Husema sauti ya santuri ina "joto", yaani utamu ambao sauti ya dijitali haina. Hoja hiyo hainiingii. Hedifoni za maktaba, zilizovaliwa na vichwa vingi kwa miaka kumi, hazina joto lolote isipokuwa la masikio.

Hoja yenye uzito ni nyingine. Mchukue Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada. Mwaka 1955 alirekodi Goldberg Variations, mfululizo wa vipande vya mtunzi Bach, kwa dakika 38 hivi. Akazirekodi upya mwaka 1981, na safari hii zikachukua dakika 51 hivi. Mpigaji ni yuleyule, noti ni zilezile. Dakika hizo zimetoka wapi? Baadhi ni marudio aliyoyaruka mara ya kwanza, nyingine ni mwendo wenyewe, na huwezi kuzitenganisha mpaka uketi na karatasi ya noti mbele yako, usimamishe, urudishe, usikilize tena. Kazi hiyo haifanyiki ndani ya basi.

Ni kweli rekodi zote mbili zinapatikana mtandaoni, kwa hiyo mfano wangu unanigeuka kidogo. Lakini huko zimetolewa tena na tena, na mwaka unaoonyeshwa mara nyingi ni wa toleo, si wa kurekodiwa. Aliyeandika kwenye orodha ya maktaba nani alipiga, wapi na lini ni mkutubi.

Tena kuna rekodi ambazo hazikuwahi kuuzwa: tamasha za wanafunzi, nyimbo zilizonaswa vijijini na watafiti, mahojiano na wanamuziki. Hizi simu haizijui kabisa. Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, kilitangaza mwaka 2013 mpango wa dola milioni 15 wa kuhamishia rekodi zake kwenye dijitali kabla kanda hazijaoza na mashine za kuzichezea hazijaisha. Ungedhani baada ya hapo chumba hakihitajiki. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inasema vingine: nakala ya dijitali ambayo maktaba imejitengenezea ili kuokoa rekodi iliyoharibika haipaswi kupelekwa kwa watu nje ya majengo yake. Rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 ziliachiwa umma Januari 1, 2022, na za baadaye zinafuata hatua kwa hatua. Kwa nyingi zilizobaki, msikilizaji bado atalazimika kuja kuketi.

Kama lazima kitu kikatwe, ningeanza na nakala za pili na tatu za CD zinazopatikana kila mahali, kisha nusu ya meza. Fundi na mkutubi ningewafikia mwisho kabisa. Wasiwasi wangu ni kwamba wao ndio rahisi kuwaondoa kimyakimya: rafu hubaki zimejaa, wageni wakapitishwa kuzitazama, na hakuna anayegundua lolote mpaka mtu aombe kanda fulani na asiwepo wa kuitafuta wala wa kuicheza.