Rangi ya Unga Haitibu Kipenyo Kibaya

Kuna kauli inayozidi kuota mizizi miongoni mwa wanaosubu vichwa vya risasi nyumbani, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu, kisha kuvifunika rangi ya unga wa poliesta inayookwa badala ya kuvipaka grisi, na kila ikirudiwa inaharibu kazi ya watu wanaoanza: "Paka rangi ya unga, oka, piga, habari za kupima ni za enzi ya grisi." Ushahidi unaoletwa ni karatasi yenye matundu sita yaliyosongamana, iliyopigwa kutoka mita 15. Kwa mita 15 hata kichwa kibovu hupita mahali panapofaa. Kipeleke kichwa hicho hicho kwenye mchezo wa kulenga wanyama wa chuma, kwa kondoo wa mita 200, yule wa mwisho katika mpangilio wa kuku mita 50, nguruwe 100, bata mzinga 150, kisha uniambie kama vipimo vimepitwa na wakati.

Rangi yenyewe sina ugomvi nayo. Inaondoa moshi, haikusanyi mchanga kama grisi, inazuia madini kugandamana mtutuni, na inakuruhusu kutumia aloi (mchanganyiko wa madini) laini kidogo kuliko zamani. Lakini Elmer Keith, mwandishi wa Marekani aliyesifika kwa rivolva, na wenzake walikuwa wakipiga mbali kwa rivolva na vichwa vya grisi miongo mingi kabla ya mtu yeyote kutikisa unga wa poliesta kwenye kopo. Kilichowabeba kilikuwa kichwa kilichojaa vizuri, chenye kitako kisicho na dosari, na kipenyo kinacholingana na bunduki. Hayo hayajabadilika.

Sababu ni hesabu tupu. Mitutu mingi ya rivolva za risasi ya .44 Magnum huzungusha kichwa mzunguko mmodi kwa kila inchi 20, yaani milimita 508. Kichwa kikitoka kwa mita 380 kwa sekunde kinakuwa kinazunguka karibu mara 750 kila sekunde. Ndani ya mtutu kinalazimishwa kuzunguka kwenye mhimili wa mtutu. Kikishatoka, kinazunguka kwenye kitovu cha uzito wake. Kama vitu hivyo viwili vimepishana, kichwa kinarushwa pembeni pale pale mdomoni. Zidisha mpishano kwa 6.28, gawanya kwa 508, kisha zidisha kwa umbali. Mpishano wa milimita 0.05 unaleta kosa la sentimita 1.2 kwa mita 20, na hakuna atakayeliona. Kwa mita 200 linakuwa zaidi ya sentimita 12, na upande linakoelekea hubadilika kila pigo kutegemea kichwa kilivyolala ndani ya chemba, tundu la silinda linaloshika risasi. Hapo kundi lako limeshatanuka hadi karibu sentimita 25 kabla hatujautaja mkono, upepo wala macho.

Sasa jiulize huo mpishano unatoka wapi. Unatoka kwenye povu la hewa lililojificha ndani, kwenye rangi nene upande mmoja, na zaidi ya vyote kwenye kichwa kinene kupita kiasi kilichosukumwa kwa nguvu ndani ya dai, kile kifaa chenye tundu la kukibana kichwa hadi kipenyo kinachotakiwa, kikiwa kimeinama. Kalibu ikitoa kichwa cha milimita 11.00, rangi ikaongeza 0.05, halafu ukakibana hadi 10.92, umesogeza madini ya unene wa 0.13, na hayasogei sawasawa pande zote. Rangi yenyewe haichubuki, kinang'aa vizuri, na ndiyo maana mtu anaridhika nacho. Kalibu inayofaa ni ile inayotoa kichwa kikiwa uchi karibu na milimita 10.92, kikipakwa kiwe 10.97, na dai ikibane kwa milimita 0.02 tu, hadi 10.95. Bana baada ya kuoka, kamwe si kabla yake peke yake, na sukuma pua ikitangulia ili kitako kikae bapa juu ya msukumio.

Lakini 10.95 si amri ya mbinguni. Kipimo kinatoka kwenye makoo ya silinda yako, ile sehemu nyembamba mbele ya kila chemba. Toa silinda ikiwa tupu. Chukua kichwa kilichopakwa na kubanwa, kisukume ndani ya koo kutokea mbele kwa penseli. Kikidondoka chenyewe, ni chembamba. Kikihitaji nyundo, ni kinene. Kinachotakiwa kipite kwa msukumo mdogo wa kidole. Fanya hivyo kwa makoo yote sita, kwa sababu mara nyingi hayalingani. Kisha sukuma kipande cha madini laini ya risasi mtutuni na upime kwa maikromita, si kwa kalipa. Kama makoo ni membamba kuliko kipenyo cha mtutu kwenye mifereji yake, jambo linalojulikana sana kwenye baadhi ya rivolva za .45 Colt, kila kichwa utakachopakia kitaminywa na koo kisha kiingie mtutuni kikiwa kimelegea. Gesi itapenya pembeni yake, rangi itaungua, madini yatabaki kwenye mifereji. Hapo hata tabaka tatu za rangi hazisaidii. Dawa ni fundi wa silaha kuyapanua makoo hadi yalingane. Na ukihisi kipande kinabanwa pale mtutu ulipofungwa kwenye fremu halafu kinalegea tena, una msongo wa nyuzi, yaani mtutu umeminywa pale ulipokazwa kwa skrubu yake, nao pia ni kazi ya fundi.

Kusubu kwenyewe kuna mambo machache ambayo umbali hausamehi. Aloi ya vipande vya kusawazishia magurudumu ikiongezwa bati asilimia 2 hujaza kalibu vizuri na inatosha kwa mwendo huu. Angalia zinki: huyeyuka kwa nyuzi 419.5, wakati madini ya risasi huyeyuka kwa 327.5, kwa hiyo unapoyeyusha vipande hivyo usipite 380, na uchote vinavyoelea kabla havijachanganyika. Zinki ikiingia, kalibu haijai tena na kona za kitako zinakuwa duara. Kitako ndicho cha mwisho kuuacha mtutu. Kikiwa na kona iliyolika, gesi hutoka upande mmoja mapema na kukisukuma kichwa. Kagua kwa macho kwanza, kisha pima uzito. Kwenye kichwa cha gramu 16.2, upungufu wa gramu 0.1 unaweza kuwa povu la kipenyo cha milimita 2.6, likikaa milimita 3 kutoka katikati, fomula ile ile inakupa sentimita 4.6 kwa mita 200. Vilivyopungua virudi chunguni. Fanya kazi hii penye hewa inayopita, na tone la maji lisikaribie chungu, kwa sababu linageuka mvuke ghafla na kurusha madini moto usoni.

Uokaji ndipo wengi wanapodanganywa na oveni. Poliesta ya kawaida huiva kwa nyuzi 200, na dakika 20 ndizo zinazotajwa na kila mtu. Dakika hizo zinahesabiwa tangu vichwa vyenyewe vifike 200, si tangu taa ya oveni izime. Trei yenye kilo mbili za madini hupoza oveni ndogo na kuchelewa kupanda. Toboa kichwa kimoja, ingiza waya wa kipimajoto, utaona mwenyewe. Upande wa pili kuna hatari pia: aloi yenye bati na antimoni huanza kuyeyuka sehemu sehemu karibu na nyuzi 240, na oveni ndogo zinaruka kupita hapo bila kukuarifu. Utakuta vichwa vimekaa chini kidogo, vimenenepa kitakoni. Oveni hiyo isipikie chakula tena, milele.

Simamisha vichwa kwa vitako juu ya mkeka wa silikoni, visigusane. Kuvimwaga kwenye kikapu cha waya ni haraka, na kwa mita 25 hakuna ubaya, ila kila mguso huacha chunusi ya rangi, na chunusi kitakoni ni kosa lile lile la kona iliyolika. Tabaka moja jembamba linatosha. Mfereji wa kubania ukijaa rangi, mdomo wa ganda haupati pa kushika, kichwa husogea mbele kwa mtikisiko wa mapigo ya kwanza na kuchomoza hadi silinda igome kuzunguka. Baada ya kupoa, futa kimoja kwa asetoni: rangi ikitoka kwenye kitambaa, haijaiva. Ponda kingine kwa nyundo hadi kiwe bapa: rangi ikibanduka, hakuna haja ya kupakia vilivyobaki.

Mwendo usiofanana nao una gharama. Kutoka mtutuni hadi mita 200 kichwa cha namna hii huanguka takriban mita 1.7, na tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya pigo na pigo hubadilisha anguko hilo kwa karibu sentimita 9. Bana midomo ya maganda yenye urefu mmoja, basi.

Halafu acha kupiga risasi sita na kuzitazama kama kundi moja. Weka alama ndogo kwenye kila chemba. Ukiwa mita 150, kwenye karatasi kubwa, piga kutoka chemba ya kwanza peke yake mapigo matano, badilisha karatasi, nenda ya pili, endelea hadi ya sita. Ukikuta chemba tano zinakusanya na moja inatawanya, rudia jaribio la penseli kwenye koo la hiyo moja kabla hujanunua unga wa rangi nyingine. Ukikuta zote zinatawanya sawa, tatizo limo kwenye vichwa: anza na vitako, kisha mizani, kisha dai.