Bora Ungekwenda Uchina

Mtu akienda kusoma Uchina, ukoo mzima humhurumia. Anafungiwa dagaa, pilipili ya kusaga na sweta mbili, na kila usiku anapigiwa simu aulizwe kama amekula. Wewe wa Tanga unakwenda kusoma Nairobi, umevuka mpaka wa Namanga kwa gari, umegongewa muhuri, basi. Shangazi anasema, "Aa, Nairobi si hapo tu? Na lugha yenyewe yetu." Lugha yenyewe yetu! Laiti kingekuwa Kichina, angalau ungejua kwamba hujui.

Shika hela kwanza. Huku shilingi na kule shilingi, jina moja kama mapacha. Ila ya Kenya moja ni kama 20 za Tanzania. Kwa hiyo unaulizia chapati, unaambiwa "ishirini", unaona umefika peponi, unaagiza tano. Unatafuna ya tatu ndipo kichwa kinapopiga hesabu: hizo ni kama 2,000 za nyumbani, na chai bado hujaigusa. Laki uliyokuwa ukitembea nayo kifua mbele barabara ya kumi na mbili kwenu Tanga, ukiibadilisha inarudi elfu tano na chenji ya kumpa mbeba mizigo.

Halafu hela yenyewe haitajwi kwa jina lake. Konda wa matatu hakwambii ishirini, anakwambia mbao. Hamsini ni finje. Mia ni soo. Elfu ni ngiri, na wewe uliyesoma Kiswahili mpaka kidato cha sita unabaki ukimtafuta ngiri porini. Uliza nauli kabla hujakanyaga ngazi, kwa sababu nauli ya Nairobi haitegemei umbali peke yake: asubuhi ina yake, jioni ina yake, na tone la kwanza la mvua likigusa kioo, bei imeshapanda hata kabla hujafungua mwavuli. Usimpe konda noti ya elfu alfajiri. Ataikunja katikati ya vidole na zile nyingine, atakwambia chenji utapata mbele, na hiyo mbele ndiyo pale unaposhukia gari likiwa bado linatembea. Anza kuidai vituo viwili kabla, kwa sauti, bila "samahani kaka". Na simu iweke mfukoni ukikaa dirishani, la sivyo foleni ikisimama utabaki umeshika hewa sikioni.

Nimetaja samahani. Hilo neno ndilo linalokuchelewesha kula. Unafika kibandani saa saba mchana, unasimama kwa adabu uliyofundwa, unaanza: "Habari za saa hizi dada, samahani, naomba kama utakuwa na wali..." Hujafika kwenye mboga, watu wanne wamekupita ubavuni. "Nipee chapo mbili dondo," yaani chapati na maharage. "Niwekee ugali sukuma." Wamehudumiwa, wamekula, wamelipa. Dada mwenye sufuria anakutazama kwa huruma, anawaita wenzake waje wakusikie ukiongea. Watacheka kwa upendo kabisa, watasema "sema tena", na njaa yako itaendelea kuwa burudani ya umma.

Ukipata nafasi ya kuagiza, majina nayo yamehama nyumba. Ukiomba chai, inakuja ya maziwa. Ile yako ya rangi inaitwa strungi. Viazi ni waru. Ukisikia ndengu usijipe matumaini ya dengu, zinazokuja ni choroko. Umeme ni stima, na luku ni tokeni. Keriteka wa ploti, yaani msimamizi wa nyumba za kupanga, mzee wa makamo mwenye funguo hamsini kiunoni, ukimwamkia "Shikamoo" anajibu "Poa".

Ukitaka kujipikia, karibu. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yanatokota vizuri, yanapiga kelele, lakini joto halitoshi kuyashawishi maharage. Unakaa nayo saa tatu, gesi inakwisha, punje bado zinagonga meno kama kokoto. Loweka usiku kucha, au nenda sokoni ukanunue yaliyokwisha kuchemshwa, yanauzwa kwa kikopo. Mwinuko huohuo ndio unaokufanya uheme ukipanda ghorofa ya nne kama umebeba friji. Huumwi. Damu yako bado inadhani iko Raskazone, ufukweni Tanga.

Sasa bafuni. Hapa naomba tulie kidogo.

Vyuo vingi hufungua Agosti au Septemba, na Agosti ya Nairobi usiku inashuka mpaka nyuzi 12 hivi. Nguo ulizofua Jumamosi zinakauka Jumatatu. Kwa mtu aliyezaliwa mahali ambapo maji ya bomba saa nane mchana ni uvuguvugu bila kuombwa, kuoga kunakuwa uamuzi wa kikao. Ndipo unapooneshwa hita: kibuyu cha plastiki kimening'inia juu ya kichwa chako, kina nyaya za umeme, na humo humo yanapita maji. Kwenu ukimwambia fundi achanganye vitu hivyo viwili atakuita mchawi. Huku kila nyumba inacho.

Unawasha swichi ya ukutani, unafungua koki yote kwa pupa, maji yanakuja ya barafu. Unapiga yowe, unadhani kimekufa. Hakijafa. Kinatoa moto uleule muda wote, kwa hiyo maji yakipita mengi kila tone linapata kidogo. Punguza koki taratibu, yanakuwa vuguvugu, punguza tena, ya moto. Umefurahi, unapunguza kidogo zaidi, na hapo msukumo wa maji unashindwa kuisukuma ile swichi ya ndani, kinazima chenyewe, barafu tena. Kati ya kuungua na kuganda kuna nafasi ya nywele moja, na jirani wa chini akifungua bomba lake nafasi hiyo inahama. Ukigusa koki ikakutekenya, toka, zima ukutani, mwite fundi wa umeme aangalie waya wa ardhi. Hilo si jambo la kuvumilia kwa kuvaa ndala. Kibuyu chenyewe kinakula wati 5,000 na zaidi. Dakika kumi ni karibu uniti nzima, na wimbo mmoja ukirudia kibwagizo umeoga hela ya chapati.

Tokeni ikiisha ukiwa na sabuni machoni, hununui kwa kulia. Unaingia M-Pesa, Paybill (lipa bili) 888880, na sehemu ya akaunti unaweka namba ya mita, tarakimu 11. Siyo namba ya nyumba, siyo jina lako. Ukiweka ya mita nyingine, mtu usiyemjua atapasha chai kwa baraka zako. Zile tarakimu 20 zinazorudi zinafanana na luku, kitu pekee mjini kinachokukumbusha mama.

Kibali cha mwanafunzi sitakaa nacho. Muhuri wa mpakani unampa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi miezi sita ya kutembea, si ya kusoma. Barua ya chuo, nakala ya pasi na picha hupandishwa mtandaoni, ofisi iko Nyayo House. Angalia tu majina: pasi ikiwa na matatu na cheti kina mawili, utatembea mpaka viatu viombe kibali chao.

Darasani, wenzako wametoka kidato cha nne moja kwa moja, maana Kenya ilifuta cha tano na cha sita ilipoleta mfumo wa 8-4-4: miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo. Wewe mwenye cha sita ni babu yao. Wakiulizana alama, unasubiri zamu yako kwa kiburi: "Mimi nilipata pointi tatu." Kimya. Mmoja anakushika bega. Kwao pointi zinapanda mpaka 84. Kwenu tatu ndiyo kilele, chini yake hakuna. Unaeleza. Wanaitikia kwa upole. Jioni wanakuchangia daftari.

Ikifika Desemba unarudi likizo. Unaingia dukani kwa yule mzee wa mtaa, amekaa na kofia yake na redio. "Niaje, nipee mkate."

Mzee anazima redio. Anavua miwani. "We mtoto wa nani?"