Mnaotucheka Tunaonakili, Shikeni Brashi Kwanza

Juzi kuna mheshimiwa mmoja, anajiita mdau wa sanaa, kapita kibandani kwangu hapa Kirumba, Mwanza. Kaitazama hadibodi ninayopaka, kakunja uso: "Sasa kaka, hiyo si umeiga? Ubunifu uko wapi?" Akaenda zake. Ubunifu! Mwenyewe kavaa jezi ya Arsenal.

Picha ninayoinakili ni ya Jan van Eyck, mchoraji wa kale wa Ulaya, ya mwaka 1433, yule mwanamume wa kilemba chekundu aliyeko jumba la sanaa la National Gallery, London. Bila fremu haifikii hata A4. Mimi nikibuni jicho kichwani mwangu nalipaka nyeupe ya kopo, naweka doa jeusi katikati, kazi imekwisha. Van Eyck ndani ya ile nyeupe katia chembe ya nyekundu na chembe ya bluu, kisha kapitisha vimishipa vyekundu rangi ikiwa bado mbichi. Unaweza kuitazama picha hiyo mwaka mzima usilione hilo. Utaliona siku umepaka nyeupe yako tupu, jicho likatokeza nje ya uso likakataa kurudi. Hapo ndipo unaanza kuuliza maswali ya maana, na anayekujibu ni fundi aliyekufa mwaka 1441, bila ada.

Kilemba nacho kina somo lake: tabaka la chini la rangi mafuta kidogo, la juu mafuta zaidi, ukigeuza litapasuka. Na usiharakishe, maana mafuta ya kitani yanayochanganywa na rangi hayakauki kama maji, yanakauka kwa kuvuta hewa, polepole. Masika hapa Mwanza ni mateso. Wale wadudu wa ziwani wakishuka jioni, mwanamume wa watu anaota ndevu ambazo van Eyck hakumpa.

Hata mchoraji mkubwa Rubens, alipokwenda Madrid mwaka 1628 alikuwa kavuka miaka 50, jina lake limeenea Ulaya nzima, na bado akakaa akanakili picha za Titian, mchoraji aliyemtangulia. Louvre nayo, lile jumba la makumbusho la Paris, wanakili wameruhusiwa tangu ilipofunguliwa mwaka 1793. Na fundi mitumbwi wa pale Mwaloni, alianza kwa kubuni mtumbwi wake mwenyewe?

Haya, nakubali: anayenakili halafu akauza kwa jina lake ni mwizi. Na ndiyo, ukinakili kutoka picha ya simu, inadanganya rangi. Tuendelee.

Kinachoniuma ni vijana. Wapo wenye mkono kabisa, wanaacha kwa sababu mtu asiyejua hata kuosha brashi kawaambia wanaiga. Mdogo wangu, ukisoma hapa, nakili. Andika nyuma ya ubao "nakala ya fulani", weka tarehe, anza nyingine.