Nyuki wa mtu mwenye kazi nyingi

Watu wa mjini Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wakisikia nina mizinga kijijini, swali ni lile lile: muda unautoa wapi? Jumatatu hadi Ijumaa uko ofisini, Jumamosi kuna harusi au msiba, Jumapili ni ibada na wakwe. Jibu langu huwa linawashangaza. Katika mifugo yote, nyuki ndio wanaomfaa mtu wa namna hiyo, na mara nyingi wanaowaharibu ni wale wenye nafasi tele ya kuwachokonoa. Ila kuna miezi ambayo maneno yangu haya hayatoshi, nayo ni kuanzia Desemba mpaka Machi.

Ushauri mwingi tunaotumiana kwenye simu umetoka Ulaya na Marekani. Huko miezi ya joto ndiyo ya maua. Mfugaji anafungua mzinga karibu kila wiki akitafuta vyumba vya malkia wapya, kundi lisije likagawanyika, na njaa yao inakuja baadaye pamoja na baridi. Kwetu West Nile joto kali linakuja na ukame, nyasi zimekauka, moto unatembea porini. Tena nyuki wetu wa Kiafrika hana desturi ya kujikunyata ndani akingoja neema. Akiona chakula na maji vimepungua, au akisumbuliwa mno, kundi zima linahama na malkia wao, nawe unabaki na masega matupu yanayoliwa na nondo. Ukimfungulia kila wiki kwa kufuata video ya mtu wa Ohio, unamharakisha tu kuondoka.

Kwa hiyo kiangazi mimi sifungui. Natazama mlango. Natoka kazini saa kumi na moja, bodaboda inanifikisha upande wa Terego jua likiwa bado lipo, maana hapa linazama karibu saa moja mwaka mzima. Robo saa ya kukaa pembeni inatosha. Nyuki wakiingia na chavua miguuni, ndani kuna watoto wanaolishwa na kundi halina mpango wa safari. Chavua ikikatika siku nyingi huku nyuki wakiendelea kutoka na kuingia, hapo naanza kuwa na wasiwasi: kundi linalojiandaa kuhama huacha kulea watoto kwanza, na nyuki mfanyakazi anachukua takriban wiki tatu tangu yai hadi kutoka chumbani. Muda huo ndio nafasi yako ya kufanya jambo. Kisha nanyanyua mzinga kidogo upande mmoja kusikia uzito, napitisha grisi kwenye waya zilizoutundika ili siafu wasipande, basi. Kama lazima niguse ndani, nangoja giza na tochi ya mwanga mwekundu, ambao nyuki hauoni. Mchana wa Januari sega la KTB (mzinga wa Kenya wa viunzi vya juu), linaloning'inia kwenye kiunzi bila waya wa kulishika, limelegea kwa joto. Ukililaza tu, linakatika.

Maji ni suala kubwa zaidi. Nyuki wanatunza joto la mahali pa watoto kwenye nyuzi 34 hadi 35. Jua likizidi wanaleta maji, wanayatandaza juu ya masega na kupepea kwa mabawa mpaka pawe na ubaridi. Usipowawekea karibu watajitafutia wenyewe, na mahali palipo wazi ni kisima cha kijiji. Shangazi yangu alinipigia simu asubuhi moja: "Mwanangu, nyuki wako wamefika kwenye bomba kabla yetu, na hawataki kupanga foleni." Alikuwa anacheka, lakini kina mama wenye watoto mgongoni hawacheki wakiumwa, na wana haki. Nyuki akishazoea mahali pa maji ni kazi kumwachisha. Beseni liwekwe Novemba, kabla mvua hazijakata kabisa, na ndani yake mawe na vijiti vya kutulia wasizame. Kulijaza hakukuhitaji wewe. Mtoto wa jirani mwenye jerikani anatosha, mradi umlipe vizuri.

Halafu kuna karo. Muhula wa kwanza unafunguliwa mwanzoni mwa Februari, na Januari yote mzazi wa Uganda anatafuta pesa hata chini ya godoro. Asali iliyomo mzingani inamwita. Mimi Desemba ikishaingia silini tena mpaka mvua zirudi. Wapo wafugaji wazee wanaolina katikati ya kiangazi, miti ya shea ikishachanua, na sibishani nao. Wao wako pale kila siku, wanajua mzinga upi umejaza na upi unajikongoja. Anayekuja jioni moja moja kama mimi hana ujuzi huo, na akikosea, gharama ni kundi zima. Heri niuze mbuzi. (Wanaokata mishea kwa ajili ya makaa nitawaandikia siku nyingine, leo sina subira nao.)

Moto nauzungumzia kwa ufupi kwa sababu dawa yake inajulikana: fyeka nyasi kuzunguka mizinga mapema, duara pana, ukusanye na majani makavu. Ukiajiri mtu afyeke, nenda ukaangalie.

Ninacholalamikia hasa ni namna tunavyohesabu. Tangu Uganda iruhusiwe kuuza asali Ulaya mwaka 2005, miradi mingi imegawa mizinga, na ripoti zinataja mizinga mingapi imetolewa. Pita vijijini utaona mingine imekuwa viota vya kuku. Ripoti hizo zingeandikwa mwisho wa Machi, kwa kuhesabu milango inayotoka nyuki, tungejua nani alihitaji mzinga wa pili na nani alihitaji beseni tu.