Kipimo hakikai jichoni

Mwezi uliopita nilitundika mlango wa mninga kwenye nyumba moja Chumbageni. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikaa kimya muda wote mpaka nilipokaza skrubu ya mwisho ya bawaba. Akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Halafu akaniuliza swali ninaloulizwa karibu kila wiki: "Sasa fundi, wewe unapimaje?"

Nilimjibu kwa kifupi, maana bodaboda ilikuwa inanisubiri nje. Leo najibu kwa kirefu, na simjibu yeye peke yake. Namjibu fundi yeyote ambaye macho yameanza kumwacha na watu wa nyumbani wameanza kumwambia auze vifaa vyake.

Mimi ni seremala wa Ngamiani, hapa Tanga. Miaka 14 nilifanya kazi naona. Presha ya macho ikaanza kunila kutoka pembeni, polepole, bila maumivu, kama inavyowafanyia wengi, na nilipokwenda kupima sehemu kubwa ya nuru ilishaondoka, na ikiondoka hairudi. Huu ni mwaka wa 9 sioni kitu. Miezi ya mwanzo nilikaa barazani. Walionijia walikuja na pole na ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja: kaa, pumzika, riziki utaletewa. Aliyekuja na neno jingine ni mzee aliyenifundisha kazi. "Mwanangu," akasema, "kesho njoo. Kuna miguu 40 ya viti inataka msasa."

Msasa niliumudu siku ile ile. Kilichonitesa ni kipimo.

Nilianza kwa kutafuta kitu cha kunisomea namba, na naona watu wengi wenye nia njema ya kutusaidia wanaanzia hapo hapo. Nikapata futi inayosema. Unaivuta, unabonyeza kitufe, inakutajia urefu kwa Kiingereza. Siikatai, ina kazi zake, hasa ukienda kukadiria mbao dukani. Lakini karakanani kwetu jirani ana mashine ya kuranda, na ikiwaka husikii hata anayekuita kwa jina. Na hata ukisikia, umepata namba tu. Namba ile uibebe kichwani mpaka kwenye ubao, uigeuze tena kuwa urefu, ndipo ukate. Kila unapogeuza unapoteza kidogo. Fundi anayeona hupoteza vilevile, ila jicho humwokoa dakika ya mwisho.

Urefu ni kitu, na namba ni jina lake. Ukiweza kukibeba kitu chenyewe, jina la nini?

Mlango wa Chumbageni sikuupima kwa namba hata moja. Nina fito mbili nyembamba za msaji, kila moja imezidi kidogo nusu ya upana wa mlango, zimechongwa ncha upande mmoja. Nazishika pamoja ndani ya fremu, nazitelezesha moja juu ya nyingine mpaka ncha zote mbili ziguse miimo, kisha nazibana kwa klampu ndogo. Upana wa fremu umo mkononi mwangu. Narudia juu, katikati na chini, kwa sababu fremu za siku hizi hazinyooki, na nafuata pale palipo pembamba zaidi. Fito nyingine mbili za namna hiyo, ndefu zaidi, nikizikaza kona kwa kona ya fremu, halafu nikazihamishia kona zile nyingine mbili, zinaniambia kama fremu imekaa skwea: mishazari ikilingana, pembe ni sawa. Mzee wangu alizitumia kabla sijazaliwa, na macho yake yalikuwa mazima. Alizipenda kwa sababu hazikosei kusoma, maana hazisomi.

Watu wa pwani wataniuliza kuhusu unyevu. Ubao huvimba zaidi kwa upana wake kuliko kwa urefu wake, kwa hiyo ufito uliokatwa kufuata nyuzi za mti hautembei kiasi cha kuharibu mlango. Mlango wenyewe ndio unaohitaji nafasi, masika ikifika. Nafasi ya pembeni naipima kwa kadi za benki zilizokwisha muda. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, popote duniani, kwa hiyo kadi 4 ni milimita 3 na chembe. Nikizipitisha kati ya mlango na mwimo zikatembea bila kukwama wala kuchezacheza, kazi imekwisha.

Lakini mteja akikwambia anataka rafu ya milimita 347, hapo namba haikwepeki. Hiki ndicho kifaa changu ninachokipenda kuliko vyote, na ndicho ninachotaka watu wakijue.

Nenda duka la vifaa, nunua nondo nyembamba yenye nyuzi za boliti, ya M6, yaani ya unene wa milimita 6, na nati zake mbili. Nyuzi za M6 za kawaida zina umbali wa milimita 1 kutoka uzi hadi uzi. Maana yake ukizungusha nati mzunguko mmoja kamili, inasogea milimita 1. Si takriban. Mizunguko 10 ni sentimita. Tena nati ina pande 6, kwa hiyo ukiigeuza upande mmoja tu umesogea sehemu ya sita ya milimita, jambo ambalo fundi mwenye penseli ya kawaida hawezi hata kulichora. Piga tupa upande mmoja wa nondo mpaka uwe bapa, kidole kipate alama ya kuhesabia mzunguko. Nati ya pili ni ya kufunga ya kwanza isihame.

Sihesabu mizunguko 347, bila shaka. Nina vipande vya mbao ngumu vilivyokatwa na kuhakikiwa na jirani anayeona kwa venia, kifaa cha taya mbili cha kupimia vitu vidogo kwa usahihi: milimita 10, 20, 50, 100, 200, 300, vyote na mikato yake ubavuni ili nivitambue kwa kupapasa. Kwa rafu ile nachukua cha 300, kisha nondo. Urefu nauhesabu kutoka ncha ya nondo hadi kwenye nati. Nati naiegemeza kwanza kwenye vipande vya 20 viwili, hiyo ni 40, halafu nazungusha mara 7. Nafunga. Kipande cha 300 pamoja na nondo, mwisho kwa mwisho dhidi ya kizuizi, ndiyo 347 yangu. Marekani mafundi wasioona wana vifaa vya namna hii kwa inchi, vyenye nyuzi 16 kwa inchi, hivyo kila mzunguko ni sehemu ya 16 ya inchi. Wazo ni lile lile, na sisi nondo yetu haigharimu pesa ya kutisha.

Kuna tahadhari moja, na niliilipia. Mwaka wa kwanza nilinunua nondo, nikatengeneza droo ya kabati la nguo, haikuingia. Imezidi karibu milimita 11. Nikaikata upya, ikazidi tena vilevile. Nililala nikiamini kwamba kweli kazi imenishinda. Kumbe dukani nilipewa nondo ya robo inchi. Unene wake ni milimita 6.35, kidole hakiitofautishi kirahisi na M6, lakini nyuzi zake ni 20 kwa inchi, yaani kila mzunguko ni milimita 1.27. Nilihesabu 40, nikapata 50.8. Tangu siku hiyo kila nondo mpya naipima kwanza dhidi ya kipande cha 10: mizunguko 10 ikipita kipande, nairudisha dukani.

Kuhusu kuweka alama, penseli iache. Alama yangu ni mkato wa kisu. Ukucha unauona, na ncha ya patasi ikitelezeshwa juu ya ubao huingia kwenye mkato na kutulia. Unasikia mkononi na masikioni. Msumeno nauongoza kwa kipande cha ubao kilichobanwa kwenye mkato, ubavu wa msumeno ukisugua pale muda wote. Vitu vingi vya urefu mmoja, kama ile miguu 40, havipimwi kabisa: unapima mmoja, unabana kizuizi, mingine yote inagota pale pale. Mafundi wanaoona wanapokata miguu 40 kwa kupima mara 40, mimi huwa nawaonea huruma kwa dhati. Kutafuta katikati ya ubao, chukua ukanda wa karatasi ngumu wenye upana wa ubao huo, uukunje mara moja, ncha kwa ncha. Usitumie kamba ya mkonge ingawa imejaa Tanga. Ukiivuta zaidi inanyooka zaidi, na katikati yako inahama.

Halafu kuna kidole. Watu hudhani kidole ni cha kubahatisha. Watafiti wa Stockholm walichapisha mwaka 2013 majaribio ambamo watu waliweza kutofautisha kwa kidole uso laini kabisa na uso wenye mikunjo ya kimo cha nanomita 13 (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), kitu ambacho hakuna jicho la mtu litakiona. Mimi sihitaji nanomita. Nahitaji kujua kama kiungo cha droo kimelingana, na kwa hilo wenzangu wanaoona karakanani huniita mimi nipitishe kidole kabla hawajapiga rangi.

Na si jambo geni kwetu. Shibiri mbili ni mkono mmoja, mikono minne ni pima. Wazee walijenga nyumba na vyombo vya baharini kwa vipimo wanavyotembea navyo mwilini. Shibiri yangu ni milimita 221, nimeihakiki, na huitumia kila siku kukadiria. Hata nukta nundu zenyewe, maandishi yetu wasioona, zina asili ya karakana: Louis Braille alijichoma jicho akiwa na miaka 3 kwenye karakana ya baba yake, fundi wa ngozi wa Ufaransa, na kifaa kilichomchoma kilikuwa cha aina ya maharazi, chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi. Mwaka 1829 akachapisha maandishi yanayotobolewa kwa ncha kama ile ile. Nikiwa na patasi mkononi humkumbuka mara nyingi.

Sasa niseme kinachoniuma. Ijumaa moja nilikuwa nimesimama mbele ya karakana nikiranda ubao, maranda yamejaa miguuni. Mpita njia akanifungua kiganja cha kushoto akaniwekea sarafu, akasema "pole, Mungu akusaidie," akaenda. Sadaka ni jambo jema na sikumchukia. Lakini randa ilikuwa mkono wa kulia, na hakuiona. Mteja mwingine aliagiza kabati kwa simu, akaleta na malipo ya awali, alipokuja kuangalia kazi akaona fimbo yangu nyeupe, akadai pesa yake kabla ya kugusa kabati. Nilimrudishia. Kabati lilinunuliwa na mtu wa Raskazone wiki iliyofuata, na bado linafunga vizuri.

Tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Tuna asilimia 2 yetu ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa mikopo. Naishukuru. Ila mkopo unanunua mbao, haumfundishi mtu aliyepoteza nuru namna ya kukata mbao hizo. Kijana asiyeona akisema anataka useremala, anaelekezwa mikeka na brashi, kana kwamba msumeno unatakiwa kuonwa. Ninachoomba ni kidogo: vyuo vya ufundi viweke nondo ya M6, vipande vya kupimia na vizuizi kwenye meza ya useremala, na viwafundishe nazo wanafunzi wote, wanaoona na wasioona. Wanaoona nao wataacha kukosea. Na wewe fundi mwenye karakana, mwanafunzi wako macho yakianza kufifia, usimpeleke nyumbani. Mwite kesho yake. Hakuna karakana isiyo na kitu kinachotaka msasa.

Kuna kijana wa Muheza anakuja kwangu, upande mmoja anaona mwanga tu, mwingine giza. Amekuja Jumamosi tatu. Ya kwanza alitengeneza vipande vyake vya kupimia. Cha 50 tulikitupa, kilipungua mizunguko miwili. Ya pili tulikata mikato ya kisu tu, kutwa nzima. Juzi amekata miguu minne ya kigoda, akaisimamisha mezani, akaweka ubao juu na kuusukuma kila kona. Haukucheza. Akausukuma tena.