Mnazi ni "tall", dafu liko "high", na shingo inauma

Hebu mtu atuambie Waingereza tuliwakosea nini. Sisi tuna -refu, basi. Mtu mrefu, kamba ndefu, kisima kirefu, mlima mrefu, hotuba ya mheshimiwa ndefu kuliko vyote, na hakuna aliyepotea njia. Wao wakaona raha hiyo haifai: mtu "tall", kamba "long", kisima "deep", mlima "high". Haya, kazi kwetu.

"Tall" ni ya kitu chembamba kilichosimama, unachokipima toka unyayo hadi utosi: mtu, mlingoti wa jahazi, mnara wa msikiti, mnazi. Hata ule mnazi wetu mrefu wa pwani, mabwana kilimo wanauita East African Tall. "High" ni ya kitu kipana, kama mlima au kuta za Fort Jesus, na pia ya chochote kilicho mbali na ardhi, hata kiwe kidogo kama kidaka cha mnazi. Kwa hivyo mnazi ni "tall", dafu liko "high", na mkwezi akifika kileleni naye yuko "high", hata akiwa mbilikimo. Ila ashuke kwanza ndipo umtaje kwa wageni. Ukimsifu mtu aliyesimama chini kuwa ni "very high", watamkagua macho kama ni mekundu, maana umeshasema amevuta bangi.

Balaa lenyewe liko kwenye madirisha. "Tall window" ni lile refu, linaloanza karibu na sakafu, kusi ikivuma nyumba nzima inapoa. "High window" ni kile kidirisha cha chooni, juu kule, cha kutolea mvuke na kuingilia paka. Sasa dalali wa Nyali anatangaza "high windows, sea view", mgeni analipa, anafika, bahari ipo kweli, lakini apande stuli.

Na fundi je? Mwambie unataka "short wall" mbele ya nyumba, akupunguzie urefu wa kwenda kando, ukuta uishie katikati ya ua na mbuzi wapite. Ukuta wa kukalia kama baraza ni "low wall". "Tall" hupingwa na "short", "high" hupingwa na "low", usiwaozeshe mkeka.

Maji kujaa Likoni ni "high tide". Bei ya papa ni "high" pia. Bei haina miguu ya kuwa "tall", ingawa kupanda inajua. Ghorofa sema upendavyo, hapo wenyewe wamechoka. Na baada ya ugomvi wote huo, ukiuliza kipimo, yote mawili yanatumia jina moja tu, "height"! "Highness" wamewekewa wana wa mfalme.

Haya, na yule mcheza ngongoti, mwili futi 5, miti futi 4? "Tall" ni zile 5 tu. Zilizobaki ni za fundi seremala.